Picha inachezacheza kwenye kompyuta? Mtafute mwenye kosa kabla ya kununua kioo

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu huku Mbagala, alinipigia simu saa mbili usiku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu pita hapa kwangu, kompyuta imeingia homa. Kila kitu kimekuwa rangi ya juisi ya rosela."

Mchana alikuwa ameibeba hadi duka moja la mjini, akapewa jibu la haraka: kioo kimekufa, toa laki moja na nusu ununue kingine. Mimi nilikwenda na tochi ya simu tu. Pini moja ya waya unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye monita ilikuwa imelala. Nikaisimamisha kwa mdomo wa penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, nikarudisha waya, homa ikashuka. Chai aliyonikaribisha ilichukua muda mrefu kuliko kazi.

Rangi ile ya rosela ndiyo iliyonionyesha pa kutazama, na nitaeleza kwa nini. Kwanza tuelewane jambo moja. Picha unayoiona inapita vituo kadhaa. Inaanzia kwenye programu, inapita kwa draiva, yaani programu ndogo inayoifanya Windows ielewane na kadi ya picha, kisha inaingia kwenye kadi yenyewe, kifaa cha kuchora picha, inashuka na waya, inafika kwenye monita. Kila kituo kikiugua kina dalili zake. Mafundi wengi, na mimi nilikuwa hivyo nikianza, hukimbilia kubadilisha kituo cha mwisho kwa sababu ndicho kinachoonekana.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Kabla ya kufungua chochote, fanya vipimo hivi. Ukiwa na haraka, dakika tano zinatosha.

Cha kwanza: piga picha ya skrini kosa likiwa linaonekana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Print Screen, picha itajihifadhi kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots. Itume kwenye simu yako kwa WhatsApp uitazame huko. Usiitazame kwenye kioo kilekile kinachoumwa, maana utaona mistari hata kama haimo. Kwenye simu ikitoka na mistari au vidoti vyake, kosa liko kabla ya waya: programu, draiva, au kadi. Ikitoka safi, shuku waya na monita kwanza. Hiyo si hukumu ya mwisho, kwa sababu kadi mbovu inaweza kuharibu picha inapoitoa nje tu, lakini umeshapunguza washukiwa nusu.

Usichanganye jambo hili na kukipiga kioo picha kwa kamera ya simu. Kamera ikitazama kioo huonyesha mikanda myeusi inayopanda na kushuka hata kwenye monita nzima kabisa. Nimewahi kutumiwa video ya namna hiyo na mtu aliyekuwa tayari kuuza monita yake isiyo na ugonjwa.

Cha pili: bonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe, vile vitufe vya chini au vya nyuma vya kurekebishia mwanga. Menyu ile huchorwa na monita, haitoki kwenye kompyuta. Ikiwa menyu nayo inatetemeka au inakatwa na mistari, ugonjwa ni wa monita au umeme wake. Menyu ikitulia huku picha iliyo nyuma yake inacheza, tazama waya na vituo vilivyo kabla yake.

Cha tatu: zima, washa, kisha ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijaanza. Mashine nyingi hutumia Delete au F2, za HP hutumia sana F10. Kaa humo dakika kadhaa ukitazama. Kosa likijitokeza humo, Windows haihusiki, hivyo usipoteze bando kupakua draiva. BIOS ikiwa tulivu na fujo ikaanza baada ya Windows kuwaka, anza na draiva.

Waya

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo makosa mengi ya nyumbani yalipo na ndipo pa bei rahisi.

Ukiwa na waya wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili pembeni, huo ni VGA. Mfumo huu ulitoka IBM mwaka 1987 na bado unafanya kazi kwenye meza nyingi, hasa zenye kompyuta zilizotumika ofisini. Kichwa chake kina nafasi 15, safu tatu za tano tano. Pini ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu, kila rangi na njia yake. Kwa hiyo rangi ikikatika, fungua ukurasa mweupe utazame umegeuka nini. Nyekundu ikipotea, weupe unakuwa buluu-kijani kama maji ya Nungwi. Buluu ikipotea, unakuwa wa njano. Kijani ikipotea, unapata rosela ya Mwalimu. Kioo kilichokufa hakichagui rangi moja kikaiacha kwa usafi namna hiyo.

Zima kompyuta na monita, fungua skrubu, vuta kichwa bila kukiyumbisha, kisha mulika ndani kwa tochi. Tafuta pini iliyolala au iliyozama. Penseli ya kubonyeza bila risasi inafaa kuisimamisha kwa sababu mdomo wake unaimeza pini pande zote, koleo huikata. Ipandishe taratibu, mara moja tu, maana ukiipinda huku na huku itakatika. Na usishtuke ukikuta pini moja ya safu ya kati haipo kabisa. Waya nyingi za VGA hutengenezwa bila pini ya 9, na wapo waliowahi kuuziwa waya mpya kwa "kasoro" hiyo.

Pini zikiwa sawa, tazama kutu. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na ncha za chuma hupata utando wa kijani au mweupe ambao hauonekani upesi. Kuchomeka na kuchomoa mara tano sita kunakwangua utando. Spiriti ya kusafishia isiyo na maji mengi ndani yake, kwenye pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, ni bora zaidi, ila iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Ukichomeka, kaza skrubu zote mbili. Kichwa kinachoning'inia upande mmoja ndicho kinachofanya picha iruke kila mtu anapoegemea meza.

Herufi zenye kivuli upande wa kulia, kama zimeandikwa mara mbili, ni dalili ya waya wa VGA ulio mrefu mno au wa bei ya chini usio na kinga ya kutosha. Weka mfupi.

HDMI na DisplayPort huumwa kwa namna nyingine. Hizi hubeba tarakimu, kwa hiyo rangi haipauki kidogo kidogo. Ama picha ipo, ama inatapakaa vidoti vinavyometameta, ama kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili na kurudi. Ukiona hivyo, badilisha waya kabla ya jambo lingine lolote. Azima kwa jirani waya wa king'amuzi chake, jaribu nusu saa, mrudishie.

Halafu kuna adapta. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zina tundu za DisplayPort, na monita ya nyumbani ina VGA, basi katikati panawekwa kiadapta. Kile kidude si waya tu. Ndani yake kuna saketi inayogeuza tarakimu kuwa mawimbi, na inapata moto. Picha inayokuwa nzuri asubuhi na kuanza kukatika baada ya saa moja, kishike kidude hicho. Kikichoma vidole, umempata. Baadhi ya adapta za HDMI kwenda VGA zina tundu dogo pembeni la kuongezewa umeme kwa USB. Lisipotumiwa, kwenye mashine nyingine picha haitulii.

Kioo kikisema "No Signal"

Hapa nitapita haraka. Hakikisha monita imechaguliwa tundu sahihi kwenye menyu yake, maana monita yenye VGA na HDMI inaweza kuwa inasubiri kwenye tundu ambalo hujachomeka kitu. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya kuchomekwa, waya uende kwenye tundu za kadi hiyo, zile zilizolala chini, si kwenye tundu za madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, karibu na USB. Kosa hili hutokea kila mtu anapofagia nyuma ya meza.

Kama feni zinazunguka na kioo ni cheusi, au kompyuta inalia pi-pi, shuku RAM, yaani vibao vya kumbukumbu ya muda. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki, gusa chuma cha kasha ili mwili wako utoe umeme wake, kisha zitoe RAM. Sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, ile laini nyeupe, pangusa vumbi la raba, rudisha hadi klipu zilie "ta". Kompyuta isiyo na kadi yake ya picha hukopa RAM ya kawaida kuchorea, kwa hiyo RAM iliyokaa vibaya inaweza pia kuleta vidoti na mabaka, si weusi tu.

Kioo kikiwa cheusi lakini unasikia mlio wa Windows kufunguka, jaribu kitufe cha Windows na P. Huenda mtu, mara nyingi mtoto, alichagua picha iende kwenye kioo cha pili ambacho hakipo. Bonyeza P tena huku umeshikilia Windows, kisha Enter, urudi kwenye kioo cha kwanza.

Draiva na Windows

Picha ikiganda au ikichafuka ghafla huku kompyuta inaendelea kufanya kazi, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kitakuwa cheusi kidogo, pengine utasikia mlio mfupi, kisha picha itarudi. Umeianzisha upya draiva ya picha bila kupoteza barua uliyokuwa unaandika. Hii si tiba ya kudumu, ni panadol.

Picha ikiwa inapepesa muda wote, fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, uitazame. Kila kitu kikipepesa pamoja na dirisha hilo, mtuhumiwa ni draiva. Vyote vikipepesa isipokuwa dirisha hilo, mtuhumiwa ni programu fulani. Kipimo hiki wanakitoa Microsoft wenyewe, na nimekiona kikisema kweli mara nyingi. Programu ikishukiwa, kumbuka uliyosakinisha mwisho, hasa za kupamba kioo na za kinga ya virusi, uiondoe. Kama fujo iko ndani ya kivinjari peke yake, mathalani video zinapata mabaka ya kijani, nenda kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya System, uzime swichi ya graphics acceleration, ufunge Chrome na kuifungua tena.

Draiva ikishukiwa, bofya kulia kitufe cha Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta jina la kadi yako na tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, bofya mara mbili, ingia Driver, bonyeza Roll Back Driver urudi kwenye ya zamani. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, hapo Windows haijapata draiva halisi, inatumia ya dharura. Ndiyo maana herufi ni kubwa na zimevimba, na dirisha likivutwa linaburuzika kama gunia.

Hili la mwisho limeongezeka tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wanalazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani, na kadi za picha za mashine hizo hazina draiva iliyoandikwa kwa ajili yake. Wakati mwingine draiva ya Windows 10 inakubali. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako au wa kadi. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache. Nimesafisha mashine nyingi zilizoingiwa na takataka kupitia mlango huo.

Kama picha ni mbaya kiasi cha kutoweza kusoma, ingia Safe Mode. Shikilia Shift unapobofya Restart, fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Ikiwa huoni hata kitufe cha Restart, ikatishe kompyuta kwa kitufe cha kuwashia wakati Windows inaanza kupakia, mara mbili tatu mfululizo, nayo itakuletea ukurasa wa matengenezo yenyewe. Ndani ya Safe Mode draiva yako haitumiki. Picha ikitulia humo, iondoe draiva, washa kawaida, weka upya.

Maneno "Out of Range" kwenye monita yana maana kwamba kompyuta inatuma picha kwa kasi au ukubwa ambao monita haiuwezi. Hutokea mtu akichezea mipangilio ya kioo. Ukibadilisha sasa hivi na kioo kikawa cheusi, usiguse kitu. Windows husubiri sekunde 15, na usipothibitisha hurudi ilikotoka. Kama ulishathibitisha, ingia Safe Mode uiondoe draiva kama hapo juu. Kwa monita ya kawaida ya ofisi, chagua kasi ya 60 Hz.

Kadi ya picha

Vidoti vya rangi vilivyopangika kama shanga, vibaka vya mraba kama ubao wa drafti, pembe tatu zinazoruka kutoka kwenye michoro ya gemu: hizo ni dalili za kadi. Zikionekana gemu likishakolea tu, tazama joto. Kama kadi ni ya kuchomekwa, Task Manager, sehemu ya Performance, huonyesha nyuzi zake. Zikipanda kupita 90 na picha ndiyo inaharibika, zima ufungue kasha. Mara nyingi utakuta vumbi limesokotana na nywele za paka. Puliza kwa bloa ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke, maana feni ikipulizwa kwa nguvu huzunguka kupita kiasi na kuharibika. Fanyia nje, si sebuleni.

Vidoti vikionekana tangu kwenye BIOS, kadi ikiwa baridi, kumbukumbu yake imeshaanza kufa. Watu watakuambia uioke kwenye oveni. Wengine hupata wiki chache za uhai, lakini unachoma plastiki ndani ya chombo unachookea mkate wa watoto. Kama prosesa yako ina uwezo wa kuchora wenyewe, toa kadi, chomeka waya kwenye madabodi, endelea na kazi bila gemu.

Monita yenyewe

Kioo kikiwa cheusi huku taa ya monita inawaka, zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ukiinamisha upande. Ukiona madirisha na herufi kwa mbali kama kivuli, picha ipo, ni taa za nyuma ndizo zimekufa. Monita inayopepesa asubuhi na kutulia ikishapata joto mara nyingi ina kapasita, yaani vidude vya kuhifadhi umeme, zilizovimba kwenye bodi yake ya umeme. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anazibadilisha kwa fedha kidogo. Wewe usiifungue: monita za zamani zenye taa za mirija hutumia volti mamia kadhaa, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Mstari mmoja mwembamba uliosimama, usiohama, ulio palepale hata kwenye menyu ya monita, ni wa paneli, yaani kioo chenyewe cha ndani. Hautibiki kwa gharama ya maana. Kwenye laptopu, mstari au kupepesa kunakobadilika unapoinua na kushusha kifuniko ni utepe wa waya unaopita kwenye bawaba, huo unabadilishwa.

Umeme husingiziwa sana. Tazama kibandiko cha adapta ya monita. Ikiwa imeandikwa 100-240V, umeme kushuka kidogo hauishtui. Mara nyingi ni ekstensheni iliyolegea, yenye plagi ya pasi, ya friji na ya monita kwa pamoja. Chomeka monita peke yake ukutani siku moja uone.

Ukilazimika kununua iliyotumika

Nenda na laptopu yako na waya wako mwenyewe. Hakikisha monita ilikuwa imezimwa na ni baridi, ndipo iwashwe mbele yako, kwa sababu kapasita mbovu hujificha zikiwa na moto. Weka kwenye simu picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, uzihamishie kwenye laptopu na kuzifungua zijaze kioo. Kwenye nyeusi utaona vidoti vilivyogoma kuzima, kwenye nyeupe utaona vilivyokufa na mabaka ya mgandamizo. Bonyeza pembe za fremu taratibu utazame kama mistari inatokea. Iache ikiwaka dakika 15 huku mnapatana bei. Muuzaji akikuambia umeme umekatika ila monita ni nzima kabisa, mwambie utapita kesho.